Kioo Kisicho na Pa Kujificha

Mwaka 1921, Giacomo Cappellin, mfanyabiashara wa vitu vya kale wa Venice, na Paolo Venini, mwanasheria kutoka Milan, walifungua karakana ya kioo katika kisiwa cha Murano, na upande wa sanaa wakamkabidhi mchoraji mzaliwa wa hapo hapo kisiwani, Vittorio Zecchin. Murano ya wakati huo ilikuwa imelewa mapambo. Bilauri ilisimama juu ya joka lililojisokota. Jagi lilibandikwa maua ya kioo kuanzia mkononi hadi mdomoni. Dhahabu ilinyunyizwa, nyuzi nyeupe na nyekundu zikasokotwa ndani ya kioo chenyewe mpaka macho yakachoka. Ufundi ulikuwapo, tena mkubwa, lakini ulikuwa ufundi wa kuringa. Zecchin aliyapa kisogo yote hayo. Katika mchoro wa Paolo Veronese wa karne ya 16, unaoonyesha malaika akimpasha Mariamu habari na ambao leo umo katika jumba la Gallerie dell'Accademia mjini Venice, aliona chombo kimoja cha kioo: mguu mpana, kifundo kidogo, tumbo lililojaa kuelekea mabegani, shingo nyembamba, mdomo uliofunguka. Basi. Akawapa mafundi wakipulize vilevile, kwa kioo chembamba, bila ua wala uzi. Chombo hicho kiliitwa Veronese, na mpaka leo kinapulizwa.

Nimeanza na Zecchin kwa sababu wengi wetu tunadhani chombo kisicho na pambo ndicho cha mwanafunzi, na kwamba pambo huja fundi akishakomaa. Katika kioo mambo ni kinyume. Anayepuliza kioo cha rangi ana wa kumsitiri. Povu lililonaswa ndani ya kioo cha buluu halionekani. Upande mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine, rangi inaumeza. Mguu ukikaa kombo, ua linabandikwa hapo hapo. Kioo cheupe, yaani kisicho na rangi, hakimsitiri mtu. Povu la nusu milimita linaonekana kutoka upande wa pili wa meza. Punje ya mchanga ambayo haikuyeyuka inabaki humo milele. Kuna na mishipa, sehemu ambazo kioo hakikuchanganyika sawasawa: haina rangi wala umbo, lakini zungusha bilauri mbele ya dirisha uone nondo zinavyopinda zikipita nyuma yake. Na haihitaji mjuzi kuyaona haya. Mtu yeyote mwenye macho anayaona, hata asipojua jina lake, atasema tu kwamba bilauri hii ina kitu.

Kabla ya pumzi, kuna vita vya mchanga. Kioo kwa asili yake si cheupe. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, usikitazame usoni bali ubavuni: ni kijani. Kijani hicho kinatokana na chuma kilichomo mchangani, na chuma kidogo sana kinatosha. Mchanga wenyewe hauyeyuki kirahisi, unataka joto la nyuzi 1,700 hivi, ambalo matanuri ya zamani hayakulifikia hata kwa ndoto. Kinachoushusha kiburi ni magadi. Naam, ukoo ule ule wa magadi yanayotiwa kwenye maharage yaive upesi na kwenye mlenda uteleze. Warumi waliyachota kwenye mabonde makavu ya Wadi Natrun, Misri. Ziwa Magadi, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, limekuwa likichimbwa kibiashara tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wateja wake wakuu. Lakini mchanga na magadi peke yake hutoa kioo kinachoyeyuka majini, kwa hiyo huongezwa chokaa ya kukishikiza. Vitu vitatu vya kawaida kabisa, ambavyo jirani yako anaweza kuwa navyo vyote uani.

Wavenisi hawakuwa na magadi ya Misri tena. Walitumia majivu ya mimea inayoota kwenye pwani za chumvi za Syria, yakivushwa bahari kwa marobota. Katikati ya karne ya 15, fundi wa Murano aliyeitwa Angelo Barovier akaanza kuyasumbua majivu hayo. Aliyasaga, akayachemsha, akayachuja, akayakausha mpaka yakabaki chumvi nyeupe. Badala ya mchanga wa kawaida, mafundi walichukua kokoto nyeupe za mito kama Ticino, wakazichoma na kuzisaga unga. Halafu wakatia chembe ya manganizi. Matokeo yake yaliitwa cristallo, na kwa zaidi ya karne moja wafalme wa Ulaya walikuwa tayari kulipa na hata kuiba mafundi ili wakipate.

Ile manganizi ndiyo inayonifurahisha. Haiondoi chuma. Chuma kinabaki mle mle na ukijani wake, ila manganizi huleta uzambarau, na rangi hizo mbili zikikutana zinauana. Jicho likiangalia haliambulii rangi yoyote. Weupe wa kioo, basi, ni ugomvi uliosuluhishwa, na suluhu hiyo inaweza kuvunjika: katika mtaa wa Beacon Hill mjini Boston kuna madirisha ya miaka ya 1820 ambayo jua limeyageuza zambarau, kwa sababu mwanga umeiamsha manganizi iliyokuwa imetulia.

Na usafi una mpaka wake. Kule kuchemsha na kuchuja majivu kuliondoa uchafu, lakini kuliondoa pia sehemu ya ile chokaa inayokishikiza kioo, bila Barovier wala warithi wake kujua wanapoteza nini. Baadhi ya vyombo vya nyakati zile, vilivyotafutiwa weupe kupita kiasi, leo vinatoka jasho ndani ya makabati ya makumbusho. Hewa ikiwa na unyevu, uso wa kioo unalowa na kuteleza. Ikikauka mno, unapasuka vijiufa vyembamba mpaka chombo kinaingia ukungu. Watunzaji wanauita ugonjwa wa kioo, na dawa yake hasa haipo, ni kulinda hewa tu isibadilike. Chombo kilichosafishwa sana kimekuwa mgonjwa wa kudumu.

Sisi huku pwani tulifahamiana na kioo mapema. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kikieleza bandari za Azania, yaani pwani yetu hii, mpaka Rhapta, kinataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa na majahazi. Na katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga za Venice kwa mizigo, pamoja na zile samesame, nyekundu nje na nyeupe ndani. Lakini kilichotufikia kwa wingi kilikuwa rangi. Rangi ndiyo iliyouzika, ndiyo iliyohesabika, na ndiyo iliyobadilishwa kwa chakula na pembe njiani.

Turudi kwenye tanuri. Bomba la kupulizia ni mwanzi wa chuma wenye urefu wa kama mita moja na nusu. Ncha yake hupashwa moto kwanza, maana kioo hakishiki chuma baridi, kisha huingizwa tanurini, ambako kioo kimetulia kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi, kinang'aa kwa moto hata huoni kinakoanzia. Fundi anazungusha mara mbili tatu, anachota, anatoa. Kuanzia dakika hiyo bomba halisimami tena. Likisimama, kioo kinadondoka upande mmoja na kuharibika, kama halua ambayo mpishi ameiachia mwiko. Vidole vinazungusha wakati anatembea, wakati anaketi, wakati anaongea na mwenzake, hata wakati jicho lake liko kwingine. Ukitaka kumjua mgeni katika karakana, usimtazame midomo anapopuliza. Mtazame vidole.

Pumzi yenyewe ni ndogo kuliko tunavyodhani. Watu huwaza mashavu yaliyovimba na mishipa ya shingo iliyotoka, lakini kwa bilauri ya mezani haiko hivyo. Fundi anaviringisha lile tone la moto juu ya bamba la chuma ili lipoe ngozi na kunyooka, anapuliza pumzi moja fupi, kisha anaziba tundu la bomba kwa kidole gumba. Hewa iliyofungiwa ndani inapata joto, inatanuka, na baada ya kitambo kidogo, mbali kule kwenye ncha, kijipovu kinatokea chenyewe. Hapo ndipo unapoelewa kwamba moto ndio unaopuliza, yeye amewasha tu safari. Anachota tena tabaka la pili juu ya lile povu, na kazi inaendelea.

Ili kulipa umbo duara anatumia ama kata ya mti iliyolowekwa maji, ama gazeti. Gazeti la kawaida, limekunjwa tabaka juu ya tabaka, likalowekwa mpaka likawa zito, likalala kiganjani. Juu ya karatasi hizo kinazunguka kioo chenye moto wa kuunguza mfupa, na mkono haudhuriki kwa sababu maji yanageuka mvuke na mvuke huo unakuwa mto mwembamba kati ya kioo na gazeti. Moshi unapanda, cheche zinaruka, karatasi ya juu inaungua na kudondosha majivu sakafuni. Kwa sisi tunaoishi kwa kuandika, ni heshima kubwa kuliko kufungia karanga. Kupitia karatasi hizo kiganja kinasikia mambo ambayo koleo haliwezi kusikia: wapi pamenenepa, wapi panapwaya, lini kioo kinaanza kukataa.

Kukataa huko ndiko saa ya kazi hii. Kioo hakina kiwango kimoja cha kuganda kama maji yanavyogeuka barafu. Kinakuwa kizito pole pole, kutoka uji hadi mpira hadi jiwe, na fundi ana dakika moja hivi ya kufanya anachotaka kabla hajalazimika kurudi kwenye mdomo wa moto. Akienda mapema, kinalegea na kupoteza umbo alilolipata. Akichelewa, kinapasuka mkononi. Akitaka kirefuke, anakining'iniza na kukiyumbisha, uzito wenyewe ukikivuta. Akitaka kitanuke, anakiinua juu. Mafundi wa Murano hufanya kazi kwa kundi: bwana mkubwa ameketi kwenye benchi lenye mikono miwili mirefu ya chuma, msaidizi analeta tone la moto kwa ajili ya mguu, kijana anasimama na ubao wa kukinga joto. Maneno ni machache. Bwana akiinamisha kichwa, tone linafika mahali pake. Akikata kwa mkasi, msaidizi ameshaondoka.

Halafu inakuja hatua ambayo mtazamaji hushika roho. Chombo kimekaa kwenye bomba upande wa mdomo, na mdomo huo ndio unaohitaji kufunguliwa. Kwa hiyo fimbo nyingine ya chuma, yenye kijitone cha kioo cha moto, hugandishwa chini ya mguu. Shingoni tayari koleo limechora mstari mwembamba. Tone la maji pale, pigo dogo kwenye bomba, tak, na chombo kimehama kutoka chuma kimoja hadi kingine. Wakati mwingine kinahamia sakafuni. Kikisalimika, kinarudishwa motoni kwa upande wake mpya, mdomo unalainika, na ncha za koleo zinaufungua huku fimbo ikizunguka. Moto unaumaliza ukingo kwa kuuviringisha wenyewe, usibaki na makali. Hakuna jiwe la kunolea wala msasa unaotoa ukingo wa namna hiyo.

Huko Bohemia na Vienna wana njia nyingine: wanapulizia ndani ya kalibu ya mti iliyokaa majini, wakizungusha kioo humo ili mshono wa kalibu usiache alama, kisha wanakata kofia ya juu na kuulainisha ukingo. Nyumba ya Lobmeyr ya Vienna, iliyoanza mwaka 1823, inatoa hivyo bilauri zenye ukuta wa unene wa kama milimita moja. Ni kazi nzuri mno. Mimi napenda zaidi ile ya benchi, lakini huo ni upendeleo tu.

Kilichobaki ni kupoa, na kupoa si kuachwa. Waliolelewa na taa ya chemli wanalijua hili: tone moja la maji likirukia kioo cha taa inayowaka, kimepasuka, na mtoto aliyetumwa kukifuta anakwenda kutafuta pa kulala mapema. Ngozi ya kioo ikipoa kabla ya moyo wake, pande hizo mbili zinavutana, na mvutano huo unabaki umefungwa ndani. Chombo kinaweza kuonekana kizima, kikakaa kabatini siku kadhaa, kisha kikalia na kugawanyika usiku bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana kila chombo kikitoka kwenye fimbo huingizwa moja kwa moja katika tanuri la pili, lenye nyuzi 500 hivi, na kuteremshwa joto kidogo kidogo mpaka asubuhi. Kwa chombo cha dakika chache za kupuliza, saa nyingi ni za kungoja.

Mwaka 1903 Mmarekani Michael Owens akaunda mashine inayotengeneza chupa yenyewe, na bei ya kioo cheupe haikurudi ilikokuwa. Kile kilichokuwa fahari ya meza za wafalme kikawa bilauri ya juisi ya ukwaju katika kila mgahawa. Sina ugomvi na mashine. Afya za watu wengi zimejengwa na chupa safi za bei nafuu. Ila imetuzoesha vibaya. Weupe umekuwa ishara ya kitu rahisi, na mtu akionyeshwa bilauri tupu yenye bei ya bilauri arobaini za dukani, anaona ameibiwa.

Afanyeje? Aiguse kwanza. Bilauri nyingi za bei rahisi zina ukingo uliovimba, ambao mdomo unaukuta kabla ya maji. Ukingo uliofunguliwa kwa moto ni mwembamba na mviringo, ulimi hauna cha kuuliza. Kisha aigeuze chini apapase katikati ya kitako. Ile fimbo ya pili iliacha kovu pale, wakati mwingine limesagwa likawa kidimbwi laini, wakati mwingine limeachwa na ukali wake. Kisha aitie maji na kuisogeza dirishani. Ukuta uliopulizwa haulingani kabisa pote, na kutolingana huko, kukiwa kwa kiasi, hufanya mwanga utembee mezani badala ya kukaa doa moja. Jean Siméon Chardin aliliona hilo. Kuna mchoro wake wa karibu mwaka 1761, ulioko Carnegie Museum of Art mjini Pittsburgh: bilauri ya maji, birika la kahawa la rangi ya udongo, na vitunguu saumu. Bilauri ile haikupakwa rangi yake, kwa kuwa haina. Amepaka kilicho nyuma yake, kikiwa kimepinda kidogo, na vidoa vichache vya mwanga, na hapo bilauri imesimama nzima.

Wa huku kwetu hana haja ya kupanda ndege kwenda Venice kuyaona haya. Kitengela, ng'ambo ya bonde la mto linalopakana na Mbuga ya Nairobi, msanii Nani Croze alijenga karakana ya kioo, na mwanawe Anselm akaendeleza upande wa kupuliza. Arusha kuna Shanga, ambako watu wenye ulemavu wanafanya kazi ya kioo kutokana na chupa kuukuu. Wa Kitengela wanayeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika. Kwa hiyo kile kijani cha ubavuni nilichokitaja kinarudi mbele, hafifu, na pamoja nacho vipovu ambavyo Barovier angevirudisha tanurini kwa hasira. Wenye kushika sheria watasema hicho si kioo cheupe, na kwa kipimo chao wako sahihi. Lakini chukua pale bilauri moja isiyo na rangi ya kuongezwa, isiyo na shanga iliyobandikwa, iliyonyooka na kuishia kwenye ukingo mzuri: imetoka kwenye wazo lile lile la Zecchin, na iko karibu naye kuliko majoka ya dhahabu yanayouzwa kwa watalii kule kule Venice. Hata kwetu rangi ndiyo inayouzika upesi. Vyombo vitupu hukaa rafu ya chini.

Anayenunua bilauri sita asitafute zilingane. Moja itakuwa ndefu kwa unyoya, nyingine itabeba tumbo kidogo. Zikilingana kabisa, muulize muuzaji zimetoka wapi. Azitumie kwa maji ya kunywa kila siku, asizifungie kabatini zikasubiri wageni. Azioshe kwa mkono, moja moja, kwa maji ya uvuguvugu, na asimwage chai ya moto kwenye iliyotoka kwenye friji. Na akizianika azisimamishe kwa mguu, asizifudikize, kwa kuwa ukingo ndio uliokula kazi kubwa kuliko sehemu zote na ndio unaovunjika kwanza.